Jina Langu Kwenye Kioo cha Gari

Jumatano, 3 Septemba 2003

Leo nimekuta jina langu likiuza dawa sokoni. Mimi niko huku nanunua maziwa, jina liko kule.

Niandike polepole. Niko na hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilitoka zahanati saa saba nikapita soko la mifugo, kwa wale akina mama wa maziwa. Nikaona gari jeupe, la zamani, lile la mlango wa kusukuma. Msalaba wa kijani ubavuni, umepakwa kwa mkono, umeinama kidogo. Watu wamepiga laini. Na aliyesimama nyuma ya gari ni Bedan! Bedan aliyekuwa akipima sukari na mchele upande wa vyakula wa duka la Hamse kule Kitengela. Amevaa koti jeupe. Koti lenyewe ni langu, nililiacha huko mwaka juzi, lina alama ya pasi mfukoni.

Nikamuuliza unafanya nini hapa. Akanicheka kwa heshima.

"Madam, si hii ni gari yako? Jina iko hapo mbele."

Nikaenda mbele. Kwenye kioo, fotokopi ya leseni ya duka la dawa la Hamse, shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Chini yake: Msimamizi, Falis Dirie. Mimi.

Ndani hakuna friji. Katoni ziko juani. Dawa ya minyoo ya mbuzi imekaa pamoja na dawa ya kikohozi ya watoto. Sindano ziko kwenye mkebe wa biskuti. Mbele ya macho yangu alimdunga mzee mmoja juu ya shuka, bila hata kumwambia ainue nguo. Nilimwambia afunge gari sasa hivi. Watu kwenye laini wakaanza kunung'unika — huyu mama ni nani, atuache tupate dawa.

"Mimi nimetumwa tu, madam. Ongea na mwenye gari."

Maziwa nilisahau kwa yule mama. Nililipa nikaondoka mikono mitupu.


Alhamisi, 4 Septemba

Hamse hakushika simu mara nne. Mara ya tano akasema yuko msikitini. Saa nne asubuhi.

Wazo lilikuwa langu. Hilo ndilo linaniuma zaidi na sina wa kumwambia. Mwaka 2001 nilikuwa nasimama mwenyewe kaunta kule Kitengela. Watu walikuwa wanatembea kutoka ndani huko kwenye mbuga, siku nzima, kuja kununua vidonge kumi vya malaria. Wengine walifika homa imeshapanda kichwani. Nikamwambia Hamse: tuwe na gari. Friji ndogo ya gesi ndani. Mimi mwenyewe ndani. Jumatano soko hili, Jumamosi lile. Alicheka mbele ya wateja. Akasema dawa si mandazi ya kuzungushwa.

Nikaandika barua kwa wakubwa wa dawa, Nairobi, kuomba leseni. Nilikaa nayo wiki nzima nikiinyoosha. Jibu lilikuwa mistari mitatu. Leseni hutolewa kwa jengo lenye anwani, sakafu ya kuoshwa na maji ya bomba. Gari si jengo.

Nikaikunja nikaiweka. Ugbad, binti yetu, akazaliwa. Nikapata kazi hapa Kajiado, tukahamia, Keynan, mume wangu, akabaki Namanga na kazi yake ya kupitisha mizigo mpakani. Na cheti changu cha ufamasia kikabaki kimetundikwa Kitengela. Sheria inataka mwenye cheti awe dukani, si cheti peke yake. Nilijua. Nilisoma hiyo sheria miaka mitatu. Nilipotaka kukitoa, Hooyo — mama mkwe, sote tunamwita hivyo — akaniuliza, karatasi inakula nini pale ukutani?

Nikakiacha. Niliogopa midomo ya watu wa nyumbani. Hiyo ndiyo kweli, na hapa naweza kuiandika.


Jumamosi, 6 Septemba

Nimetoka Kitengela.

Hamse alikuwa dukani, miguu juu ya katoni, anakunywa chai. Alinikaribisha vizuri kabisa. Habari ya Kajiado, habari ya mtoto. Nikamwambia sikuja kusalimia, toa lile gari barabarani.

"Gari gani? Ile ni ya kupeleka bidhaa."

"Bedan anadunga watu sindano sokoni."

"Watu wanaomba. Wewe shemeji ulisoma, unataka kila mtu asome. Huko ndani hakuna daktari. Tukiwaacha wakufe utafurahi?"

Maneno yangu mwenyewe. Yale niliyomwambia mimi mwaka 2001, sasa ananirudishia yamechacha.

Nikazunguka kaunta nikapanda kiti. Fremu ilikuwa imefungwa kwa skrubu mbili. Nikafungua kwa shilingi, pale pale, wateja wakiwa wanatazama. Skrubu ya pili ilikataa, nikavuta, plasta ikatoka na fremu. Hamse hakuinuka. Aliongea kwa sauti ya chini, kwa Kisomali, ili wateja wasielewe. Alisema ukitoka na hiyo, usije nyumba hii tena, si harusi, si matanga.

Nimetoka nayo. Niliibeba kwapani mpaka Kajiado, vumbi la plasta limenichafua gauni zima.


Jumatatu, 8 Septemba

Nilijiona shujaa siku mbili. Leo Gathoni, nesi wetu, amerudi kutoka kwao Kiserian. Anasema jana ameliona gari likiuza, limejaa watu.

Nimechukua cheti. Gari lina fotokopi ya leseni. Mjinga ni nani?


Jumatano, 10 Septemba

Nilirudi sokoni. Nilikuwa nimeamua kuongea na watu wenyewe. Nikasimama kando ya laini, nikasema kwa Kiswahili cha pole: hizi dawa zimekaa juani, huyu si daktari, hili jina ni langu na mimi sijamruhusu.

Mwanamume mmoja wa ng'ombe, fimbo begani, akaniuliza: "Hospitali iko na dawa?"

Nikasema wakati mwingine.

"Wakati mwingine ni siku gani?"

Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniambia, wewe unakula mshahara Kajiado, unatukataza dawa. Mwingine akasema ni wivu, ni biashara ya ndugu zake, wamekosana. Huyo wa mwisho alikuwa karibu na ukweli kuliko wote.

Bedan alikuwa anaangalia chini, anafunga vidonge kwenye gazeti. Sijui kama aliona haya. Niliondoka kabla hawajaanza kunisukuma.


Ijumaa, 12 Septemba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Saa tatu Gathoni aliniita kutoka stoo ya dawa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema kuna mtu anakutafuta kwa jina.

Mama wa Kimasai, labda miaka thelathini na tano. Anaitwa Noonkishu. Alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikamsalimia, "Takwenya." Akaitika, "Iko." Akainuka ili nione. Akatembea kutoka benchi mpaka mlangoni na kurudi. Mguu wa kulia anauinua wote kutoka nyonga kama anavuka shimo, halafu unyayo unaanguka, paa. Kidole gumba kinakwaruza sakafu. Kandambili yake ya mguu huo imeisha mbele, ya mguu mwingine bado mpya.

"Hii mguu imekataa kuamka," alisema.

Wiki tatu zilizopita alikuwa na homa. Gari likaja karibu na boma lao. Bedan akamdunga kwenye makalio. Akasikia moto kutoka pale mpaka kwenye vidole. Alipiga kelele, Bedan akamwambia ni dawa inafanya kazi. Homa ilipona. Mguu ukalala, haujaamka mpaka leo.

Akatoa bahasha ndogo ya vidonge kutoka kwenye shuka, ameikunja mara nne. Muhuri wa duka la Hamse. Jina langu chini.

"Mwalimu alinisomea. Alisema hapa ni Falis, na Falis iko kazi zahanati. Falis iko hapa?"

Gathoni aliniangalia. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema Falis amehama.

"Ni mimi."

Aliniangalia muda mrefu, kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Nadhani alitegemea mwanamume. Akauliza: "Sasa wewe utaiamsha lini?"

Nikamwambia kweli. Sindano imegusa mshipa wa fahamu. Inaweza kuamka baada ya miezi mingi. Inaweza isiamke. Gathoni alitafsiri kwa Kimaa chake kibovu.

"Mbuzi inafuatwa na miguu mbili," Noonkishu alisema. Hakulia, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Gathoni amemwandikia barua ya hospitali. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia nitahakikisha lile gari linafungwa. Akatikisa kichwa, kama nimesema kitu cha kipumbavu.

"Usifunge gari. Lete mwenye alisoma."

Nimekuwa stoo mchana wote nahesabu chupa zile zile.


Jumamosi, 13 Septemba

Keynan amekuja kutoka Namanga. Ameleta ndizi na viatu vya Ugbad. Nilimweleza yote. Mguu, bahasha, gari. Nikamwambia Jumatatu naenda ofisi ya dawa ya wilaya kumshtaki ndugu yake.

Nilitegemea agombe. Akasema ngoja kwanza, tuongee na Hamse kwa upole. Akasema Hamse ni mgumu lakini si mbaya. Akaosha vyombo. Mume wangu, miaka saba, hajawahi kuosha vyombo.

Nadhani ni huruma.


Jumatatu, 15 Septemba

Nilivaa vizuri. Nilibeba bahasha ya Noonkishu, aliyoniachia, ndani ya bahasha nyingine safi, kama ushahidi. Mtu mzima!

Afisa anaitwa Lazarus Nzomo. Mwembamba, sweta ya kijivu na joto lote hili. Hakunikaribisha kiti, nilikaa mwenyewe. Nikaeleza kuanzia mwanzo. Alisikiliza bila kuandika neno. Nilipomaliza akainuka, akafungua kabati, akarudi na faili. Ilikuwa nene. Ilikuwa na jina langu.

"Gari hilo tunalijua tangu Julai," alisema. "Tulikuwa tunamngoja mwenyewe."

Juu kabisa ya faili ilikuwa barua yangu ya 2001. Akaisoma kwa sauti, taratibu, kidole kwenye mstari. Naomba ruhusa ya kuendesha duka la dawa ndani ya gari, nikizungukia masoko ya mifugo. Nilisikia aibu kama mtu anayesomewa barua ya mapenzi.

"Uliomba. Ukakataliwa. Sasa gari liko barabarani na jina lako kwenye kioo. Mtu ameumia, ndipo unakuja kusema si lako. Ungekuwa mimi, ungeandika nini?"

"Ningeandika kwamba aliyeandika barua hakuwa mwizi. Mwizi haombi ruhusa."

"Huomba. Nimeona wengi."

Nikamwambia basi mngenipa leseni, pamoja na masharti, na mkaguzi wa kunifuata, Noonkishu angekuwa anatembea. Akasema kazi yake si kutunga sheria. Akasema na kama kila mwenye pikapu angepewa, ingekuwa miguu mingapi iliyolala hapo nje ya mlango wake? Nilimchukia kwa swali hilo.

Halafu akageuza karatasi. Fomu ya kuhuisha leseni ya mwaka huu. Mahali pa msimamizi, jina langu. Chini, kwa mkono: pamoja na gari moja la kusafirisha dawa za duka. Halafu sahihi.

"Hii ni sahihi yako?"

Si yangu. F yangu ni fupi. Hiyo F ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kukata herufi zote, kama kamba ya ng'ombe. Hiyo F nimeiona kwenye makaratasi ya mizigo, juu ya meza yangu ya kulia, miaka saba. Na kwenye fomu za kliniki za Ugbad, mahali pa jina la mama, maana baba yake ndiye hujaza.

Tarehe 19 Desemba 2002. Siku hiyo nilikuwa Garissa. Baba alikuwa na siku tatu kaburini.

Nilimwambia Bwana Lazarus kichwa kinaniuma. Naomba kurudi siku nyingine. Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Nadhani aliona.

"Jumatatu ijayo, saa tatu. Pamoja na mwenye duka. Asipokuja, nitamfuata na polisi."


Jumanne, 16 Septemba

Sijalala. Nimempigia Keynan Namanga. Nimesema neno moja, njoo. Hakuuliza kwa nini.


Jumatano, 17 Septemba

Amefika mchana, kwa lori la mteja wake. Ugbad alikuwa kwa jirani. Nilimpa kalamu na kipande cha karatasi, nikamwambia andika jina langu.

Hakuandika. Alikaa chini.

Anasema Hamse alikuja Namanga na fomu. Anasema mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, leseni ingelala, duka lingefungwa, na ndilo tegemeo la Hooyo.

"Ulikuwa kwenye msiba, Falis. Sikutaka kukusumbua na karatasi."

"Na mstari wa gari?"

Akaiweka kalamu mezani.

"Gari lilipita mikononi mwako pale mpakani?"

"Ndiyo."

"Ulijua ni la nini."

"Alisema atatafuta mtu aliyesoma akae ndani. Alisema ni kwa muda tu." Halafu akasema kitu ambacho nitakikumbuka nikiwa mzee. "Nilidhani utafurahi. Ulikuwa unalitaka hilo gari."

Ningeweza kumpiga. Sijawahi kumpiga mtu. Nilimwambia kuna mwanamke anaitwa Noonkishu, na nikatembea mbele yake kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi, nikiinua mguu wangu vile anavyouinua, na kuuangusha. Paa. Nikaenda tena. Paa. Mpaka akasema basi.

Kichaa kweli. Lakini alielewa. Mara ya kwanza nimemwona amefunika uso kwa mikono yote miwili.

Halafu akaharibu. Akauliza: "Kwa hivyo Jumatatu utasema nini?"

Si "mama huyo anaendeleaje." Hapana.


Ijumaa, 19 Septemba

Baada ya swala, Kitengela, nyumbani kwa Hooyo. Yule aliyenifukuza ndiye aliyetuma gari kunichukua. Walikuwa wamepika pilau kama sikukuu.

Hamse aliongea. Alikuwa amepanga kila kitu. Mimi niseme sahihi ni yangu. Niseme gari ni langu, nilikuwa najaribu kusaidia wananchi, sikujua Bedan anadunga. Barua ya 2001 itanisaidia, itaonyesha nia njema. Mimi ni mwanamke, niko na mtoto, hawatanifunga. Watanitoa kwenye rejista ya wafamasia mwaka mmoja, miwili, halafu nitaomba tena. Lakini nikisema sahihi si yangu, hiyo ni kughushi. Na kughushi ni jela.

Hakumtaja Keynan. Hakuna aliyemtaja Keynan, na yeye amekaa pale pale anaviringisha tonge bila kulila.

Nikauliza Bedan yuko wapi. Hamse akasema ameenda kwao. Na gari? Gari liko gereji.

"Na mama wa mguu?"

"Tutamwona. Tutampelekea mbuzi."

"Hawezi kufuata mbuzi, Hamse. Hicho ndicho ninachowaambia."

Hooyo akaweka mkono wake juu ya wangu. Ni mkono mwepesi, umepakwa hina. Alisema mwanamke hapeleki nyumba yake kwa serikali. Alisema serikali imekuja mara ngapi kwetu na ikatuachia kitu kizuri? Yeye aliona mambo Garissa, miaka ile ya fujo, ambayo sisi hatuwezi hata kuyasema. Kwa hilo ana haki.

Nikamgeukia mume wangu. Nikamuuliza mbele yao wote: wewe unataka niseme nini?

Akasema, "Useme kile kitatuweka pamoja."

Hamse akapiga meza kidogo, ameridhika. "Sisi ni damu moja. Tukishikana hakuna mtu wa kutugusa."

Pilau sikula. Nimerudi peke yangu.


Jumapili, 21 Septemba

Nilienda hospitali kumtafuta Noonkishu. Walimwambia arudi Alhamisi, daktari wa mifupa na mishipa huja siku hiyo tu. Hayupo. Amerudi kwao, hakuna anayejua vizuri ni upande gani. "Ndani huko." Nilitembea barabarani nikiangalia miguu ya akina mama wote.

Gathoni amenishauri nitafute wakili. Halafu akaniuliza, kama rafiki, kama kweli sikujua. Cheti kilikuwa ukutani mwaka mzima na wewe hukuwepo, Falis. Ulidhani nani alikuwa anauza?

Nilimkasirikia mpaka jioni. Sasa sijui namkasirikia nani.


Jumatatu, 22 Septemba

Naandika nikiwa kwenye benchi ukumbini, nje ya ofisi ya Lazarus Nzomo. Saa sita na nusu. Niko na kitabu kwenye mkoba na kalamu ya ofisi yao, ile ya kufungwa na uzi, uzi umekatika.

Mimi niliingia wa kwanza. Hamse na Keynan walibaki hapa nje. Keynan aliniangalia wakati mlango unafungwa na sikumwangalia.

Aliniwekea fomu mbele. Sahihi ni yako?

Nilisema si yangu.

"Ya nani?"

Nilisema nitaandika ninayoyajua mimi. Siku hiyo nilikuwa Garissa, baba ana siku tatu kaburini, mashahidi ni ukoo mzima. Jina la mtu sitaandika. Akasema hiyo ni kuficha. Nikasema aite anavyotaka.

Halafu nikaandika yale ambayo hakuuliza. Kwamba cheti changu kilikaa ukutani Kitengela mwaka mzima na zaidi, na mimi nikiwa Kajiado. Kwamba nilijua ni kosa. Kwamba hakuna aliyenilazimisha. Nikaandika mguu wa Noonkishu, wa kulia, na maneno yake yote, mpaka lile la kusema usifunge gari, lete mwenye alisoma. Nilijaza kurasa tatu.

Alisoma zote. Alichukua muda mrefu. Kwenye ukurasa wa kwanza akagonga kwa kidole.

"Hii peke yake inatosha kukutoa kwenye rejista. Unajua?"

"Najua."

"Kwa nini umeiandika?"

Nikamwambia kwa sababu nimechoka kuona jina langu likifanya kazi bila mimi. Akapiga muhuri, akaniambia ningoje nje, kisha akamwita mwenye duka.

Nilipotoka Hamse alinipita mlangoni. Alikuwa ananukia manukato. "Umesema vizuri?" aliniuliza kwa Kisomali, midomo haifunguki. Nikamwambia nimesema yangu.

Keynan aliinuka akanipisha nikae. Benchi ni refu, hakukuwa na haja. Tukakaa, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja. Hakuniuliza. Nilimwambia mwenyewe: nimesema si yangu. Jina lako sikutaja.

Akapumua kama mtu aliyeshushiwa gunia. Akasema, "Basi tuko salama. Hamse hawezi kunitaja."

Hiyo ilikuwa saa tano.

Hamse alikaa ndani saa nzima na zaidi. Mwanzo tulisikia sauti yake, inacheka. Halafu tukasikia ya Lazarus, chini, ndefu. Halafu hakuna. Keynan alikuwa akiangalia mlango. Mimi nilikuwa nikiandika. Mlango ukafunguka, Hamse akatoka na kofia mkononi. Amelowa jasho mgongoni. Nilidhani atasimama. Alitupita. Hakuniangalia mimi, hilo nilitegemea. Lakini hata ndugu yake hakumwangalia. Aliangalia viatu vyake, viatu vya Keynan, akasema neno moja tu kwa Kisomali, nisamehe, na kutoka nje kwenye jua bila kugeuka. Nimemwona kupitia dirisha anavuka barabara ya Namanga, haraka, kama mtu anayekimbilia basi, na hakuna basi.

Keynan bado alikuwa ameinua mkono kidogo, wa kumsalimia. Akaushusha.

"Amesema nini?" aliniuliza. Alikuwa amesikia. Alitaka mimi niseme.

Nikageuza ukurasa.

Lazarus Nzomo amesimama mlangoni sasa hivi na karatasi. Ameuliza, nani hapa ni Keynan. Sisi ni wawili tu kwenye benchi na mmoja ni mwanamke, lakini ameuliza, kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanywa.

Keynan ameinuka. Amevua saa ya mkononi. Ametoa mkanda, amevua na pete, ametoa na simu. Anajua vizuri wanavyochukua vitu. Mpakani amesindikiza madereva wengi mpaka mlango wa namna hii. Ameviweka vyote kwenye ile nafasi kati yetu, kimoja kimoja. Hakunipa mkononi. Ameshika suruali kiunoni ili isishuke.

"Utamwambia Ugbad nini?" ameuliza.

Lazarus anangoja. Keynan anangoja. Mimi naandika, kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nijibu.